Siku Saba za Mama Kreni

Bandarini hakuna aliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Alikuwa Mama Kreni, basi, na jina hilo lilimkaa kama nguo aliyopimwa na fundi. Kazi alianza akiwa karani wa geti, akiandika namba za malori yanayoingia na kutoka, mpaka siku ubao wa matangazo ulipotangaza kwamba wanatafutwa watu kumi wa kujifunza kuendesha kreni. Walijiandikisha wanaume thelathini, na yeye. Mmoja wao akamwambia, "Dada, kule juu hakuna choo." Akamjibu, "Kwani wewe ukipanda utaliacha tumbo chini?" Watu wakacheka. Miezi kumi na mmoja baadaye yeye alikuwa juu, na yule wa choo alikuwa bado chini.

Kibanda cha kreni kiko juu kama ghorofa ya kumi na mbili. Sakafu yake ni kioo. Mwendeshaji hukaa ameinama, anatazama katikati ya magoti yake, mikono imeshika vijiti viwili: kimoja hupeleka kibanda mbele na nyuma, kingine hushusha na kupandisha fremu ya chuma inayolikamata kontena kwenye pembe zake nne. Upepo ukivuma kontena hubembea. Mjinga hulifukuza, fundi hulisubiri lirudi. Mama Kreni alikuwa mtu wa kusubiri, na kwa miaka sita hakuwahi kugonga ubavu wa meli hata mara moja.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yao, dirisha likitazama barabara, kwa hiyo watoto hawakukosa mzazi nyumbani. Watoto walikuwa wawili: binti, wakati huo ana miaka kumi na mmoja, na mdogo wake wa kiume, wa miaka minne. Pamoja nao aliishi mama mzazi wa fundi, bibi mwenye ulimi mwepesi na macho mazito, kwa kuwa mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumfunika jicho la kulia.

Ndipo bandari nyingine, mpya, ilipofungua gati lake. Ilikuwa mbali, safari ya siku moja na nusu kwa basi. Walitaka watu wazoefu wa kuendesha na kufundisha wengine. Mshahara ulikuwa mara mbili na zaidi ya ule aliokuwa akipata. Utaratibu ulikuwa huu: wiki nne kazini, siku saba nyumbani.

Barua aliisoma mezani, mbele ya wote. Vyumba viwili vya nyuma vilikuwa bado na mabati yaliyoshikiliwa kwa mawe.

"Baba watoto, unasemaje?"

Fundi alikuwa anatia uzi sindanoni. Akaulamba kwanza ncha, akautia, ndipo akajibu. "Mimi na cherehani hatuendi popote. Nenda."

Akaenda. Kwa miaka miwili mambo yakanyooka kweli. Mawe yalishuka kwenye mabati, misumari ikapanda. Bibi alipasuliwa jicho, na kitu cha kwanza alichofanya bandeji ilipotolewa ni kumwambia mwanawe kwamba amezeeka. Binti alihamia shule ya kulipia, yenye maabara na walimu wanaoingia darasani. Fundi aliongeza cherehani ya pili, ya umeme. Mtaani watu walisema nyumba ile imepata, na walisema kweli.

Mama Kreni naye alikuja nyumbani kila baada ya wiki nne, begi moja, zawadi kila mmoja na yake. Siku ya kwanza ilikuwa ya kukumbatiana. Siku ya pili ya kulala, maana basi lilimvunja kiuno. Siku ya tatu aliamka na kutafuta la kufanya. Akishika ufagio, binti aliupokea kwa mikono miwili: "Acha mama, pumzika." Akiingia jikoni, bibi alimtoa. Chai yake ililetwa kwenye kikombe chenye kisahani, na wengine wote walikunywa kwenye vikombe vya kawaida.

Siku moja akamwambia mumewe, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu liko wapi?"

"Wewe jembe unalo mwezi mzima," alisema fundi. "Hapa weka chini."

Ilikuwa kauli ya mapenzi, naye aliipokea hivyo.

Lakini ilikuwepo habari ya kabati. Jioni moja wakila, mdogo aliangusha kijiko, na fundi akasema taratibu, "Kabati." Basi. Binti alipaliwa na chakula kwa kucheka. Bibi alijifuta machozi kwa kanga. Mdogo alijilaza chini kabisa. Mama Kreni akatabasamu, akangoja kicheko kipite.

"Kabati gani?"

Wakatazamana. Binti akajaribu kueleza. Siku moja mwenye duka alikuja kuchukua suruali, bibi akamwambia aketi, sasa yeye, yaani, kulikuwa na paka... Akakata. "Ah, mama, haielezeki. Ungekuwepo ungecheka."

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Waliendelea kula.

Safari iliyofuata alikuta mdogo ana homa. Fundi alikuwa na sare za shule za kumalizia, nguo sitini, kwa hiyo Mama Kreni alimchukua mwanawe hadi zahanati ya mtaa wa pili. Walisubiri kwenye benchi hadi namba yao ilipoitwa. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, alifungua daftari.

"Homa imeanza lini?"

"Nimefika jana. Nadhani juzi."

"Mara ya mwisho kuumwa lini?"

Mama Kreni akafikiri. "Sina hakika."

"Kuna dawa inayomkataa?"

Hilo nalo hakulijua. Akatoa simu ampigie mumewe. Iliita, haikupokelewa, maana cherehani ya umeme ina kelele. Mtoto, aliyekuwa ameegemea mkono wake kwa uchovu, akainua kichwa na kumwambia muuguzi, "Ya majimaji ya rangi ya waridi natapika. Nipe kidonge, baba hukisaga na sukari. Niliumwa wakati wa mitihani ya dada."

Muuguzi akaandika. Akamtazama mtoto, akamtazama mama, akauliza bila ukali wowote, "Wewe ni shangazi yake?"

"Ni mama yake," mtoto akasema. "Anafanya kazi mbali."

Walirudi nyumbani na vidonge. Njiani alimbeba mtoto mgongoni, ingawa alikuwa na miaka sita na miguu yake ilikuwa imeshakuwa mirefu.

Mwezi huohuo bandari mpya ilimwandikia tena. Mkataba wa kwanza ulikuwa unakwisha, na walimtaka kwa miaka mitatu mingine, safari hii akiwa mkuu wa waendeshaji wote, mshahara ukiwa umeongezwa kwa theluthi. Wakati uleule alipata habari kutoka bandari ya zamani. Kreni yake ilikuwa na mtu mwingine. Nafasi iliyokuwepo ilikuwa ya mkufunzi wa chumba cha mazoezi, mashine ya kujifunzia yenye skrini tatu na kiti kama cha kibandani. Kazi ya mchana tu, bila marupurupu ya zamu. Mshahara wake ulikuwa chini hata ya ule aliouacha.

Akamweleza mumewe wakiwa chumba cha mbele, asubuhi, watoto wameshaenda shule.

Fundi alitoa mguu kwenye pedali. Alizima mashine. "Nikisema rudi nitasifiwa," alisema. "Lakini nitakuwa mwongo nikisema hatujaizoea hiyo hela. Binti amezoea ile shule. Mimi mwenyewe nimezoea kulala bila kuwaza kesho."

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Mmenizoea sipo."

Fundi akachukua chaki, akaigeuza vidoleni, akaiweka tena mahali pake. "Hilo nalo ni kweli," alisema.

Bibi alikuwa kizingitini, na jicho lake jipya halikupitwa na kitu. Watu wangetegemea aseme mwanamke arudi kwake. Hakusema hivyo. "Mwanangu," alimwambia mkwewe, "mama akiwa mbali mtoto analia siku mbili. Njaa ikiwa karibu analia kila siku. Nililea watano, wote nikiwa nao, na wawili hawakumaliza darasa la saba. Fikiri vizuri."

Alifikiri. Alirudi kazini, akafikiri wiki nne nzima, mikono ikifanya kazi yake yenyewe. Baadaye alisema hakuna siku moja aliyoweza kuionyesha kwa kidole kwamba hapa ndipo alipoamua. Alijiona tu anaingia ofisi ya meneja wa gati, amevaa fulana ya kung'aa, kofia ngumu mkononi.

"Sitasaini," alisema.

Meneja alidhani anataka nyongeza, akataja nyingine. Alipotikisa kichwa, meneja akaegemea kiti. "Mama, hiki kiti kuna watu wanakipigania."

"Basi hakitakaa wazi."

Akarudi nyumbani na mabegi matatu, siyo moja, akaanza ile kazi ya ukufunzi kwenye bandari ya zamani. Mambo hayakwenda kama katika hadithi za harusi.

Kwanza, nyumba ilikuwa na mwenyewe. Kwa miaka miwili fundi ndiye aliyejua unga uko wapi na nani anaoga kwanza. Mama Kreni alipohamisha chumvi kutoka rafu ya chini kwenda ya juu, waligombana siku tatu kwa ajili ya chumvi. Bibi aliwaambia fahali wawili hawakai zizi moja, na kama hawataki kuachiana jiko basi yeye, aliye mkubwa kuliko wote, atalichukua. Akalichukua. Wiki nzima walikula chakula kisicho na chumvi kabisa, wakapatana.

Pili, binti. Muhula ulipoisha aliambiwa hatarudi kwenye ile shule, atajiunga na ya mtaani, ya umma. Alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na aliyapima maneno yake kabla ya kuyatoa.

"Kuna mtu alikuomba urudi?"

"Hakuna."

"Basi umerudi kwa ajili yako."

Fundi aliinuka amkemee. Mama Kreni akamshika mkono. "Mwache. Hajasema uongo."

Binti hakusema naye kwa wiki tano ila kwa lazima: ndiyo, hapana, tayari. Ilimuuma kuliko alivyotarajia. Kulia hakulia mbele za watu. Alikaa kama alivyokaa kibandani, akasubiri. Jioni alimkuta binti anafanya kazi za shule mezani, akaketi upande wa pili na kushona vifungo vya wateja, kwa kuwa cherehani ya umeme ilikuwa imeuzwa na kazi ya mkono ilikuwa imeongezeka.

Kazini walimuuliza kama anajuta. Wengi waliuliza, wengine kwa huruma, wengine kwa kuchimba. Alisema mwisho wa mwezi anajuta, siku nyingine anasahau. Hawakuamini nusu ya kwanza wala ya pili. Yule mwanamume wa choo, ambaye miaka yote hiyo alikuwa msimamizi wa chini, alimwambia, "Umeshuka mwenyewe, dada." Akamwambia ndiyo, na ngazi zile ni nyingi.

Mdogo alizoea haraka, kama watoto wanavyozoea. Baada ya mwezi alimkatalia kuoga, akamfichia kiatu, akamwambia ana roho mbaya, na usiku huohuo akataka alale kwake.

Siku moja ya mvua, mwezi wa nne tangu arudi, binti alifika bandarini. Nyumbani pamefungwa, alisema. Baba amempeleka bibi kupimwa jicho, na ufunguo amesahau kuuacha. Mlinzi alimruhusu hadi chumba cha mazoezi. Wanafunzi walikuwa wameshaondoka. Skrini zilikuwa bado zinawaka, zikionyesha meli ya bandia kwenye maji ya bandia.

Binti alizunguka kile kiti mara mbili. "Naweza?"

"Keti. Usikaze mikono."

Kontena la kwanza lilianguka baharini. La pili likagonga ubavu wa meli. La tatu alilifukuza likibembea, kulia, kushoto, kulia, hata skrini ikawa nyekundu.

"Inachukua muda gani kujua?"

"Wengi miezi minane."

"Wewe ilikuchukua mingapi?"

"Kumi na mmoja."

Binti akageuka, akamtazama. "Kumi na mmoja! Na wanakulipa ufundishe?"

"Kidogo," alisema Mama Kreni. "Wananilipa kidogo."

Binti akacheka, akarudi kwenye vijiti. Mama yake hakumshika mikono wala kumwambia asubiri. Aliburuta kiti cha pili, akaketi. Yalianguka makontena mengine tisa. Walipotoka mvua ilikuwa imekatika na basi la wafanyakazi limeshaondoka, wakashika njia kwa miguu, mkoba wa shule ukiwa begani kwa mama, binti akieleza kwa nini ile mashine ina kasoro.