Mtungi wa Mama yake Jivani

Kabla hujasafiri, mwanangu, nisikilize: nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi pale Gulwe, kwetu Ugogoni, Mwingereza akiwa bado anatutawala. Treni ilikuwa imekwisha kupita, na barazani kwa Jivani, Mhindi mwenye duka karibu na stesheni, mtungi wa maji ulikuwa mtupu. Hapo ndipo tulipojua kuna jambo. Mama yake Jivani hakuwa mtu wa kuacha mtungi ule ukauke.

Mimi nilikuwa msichana wa kucheka ovyo, nimesoma kidogo tu misheni, kichwa kimejaa ndoto za kupanda treni mpaka reli inakoishia. Mama yule nilimpenda. Kila asubuhi alijaza mtungi, akaweka kata juu yake, na yeyote aliyeshuka kwenye treni au kupita na mbuzi wake alikunywa. Siku moja nilimwuliza, "Mama, Mungu wenu ninyi ni yupi hasa?" Akacheka, akanipa kata. "Yule anayekuja na kiu."

Na mchana ule wa mtungi mtupu alikuwa amekufa. Ndugu zake walikuwa Dodoma, wasingefika kabla ya treni ya kesho yake, na joto la kwetu unalijua. Dini yao humchoma maiti, basi Jivani aliomba watu wa kumsaidia kumbeba mama yake hadi ng'ambo ya korongo kabla jua halijazama.

Hakuna aliyesogea. Mwalimu Danieli, aliyetufundisha dini misheni, alisema, "Pole sana, Jivani. Lakini kuchoma mtu, mimi siwezi." Juma, mpakizi wa mizigo pale stesheni, akatazama chini. "Kwetu Waislamu pia haifai, ndugu yangu." Na baba yangu, Mgogo ambaye shamba lake lilikuwa vumbi tupu, akasema walichokuwa wakinong'ona wengi: "Moshi wa maiti utatufukuzia mvua."

Jivani aliwaacha, akarudi dukani. Alikaa kizingitini, macho makavu. Mimi nikakimbia kumwita bibi.

Bibi Matika, mama yake baba, alikuwa Mkaguru aliyeolewa Ugogoni, na pale alihesabiwa mtani. Unajua kazi ya mtani msibani: kunyoa wafiwa, na kuwatania mpaka wapate kupumua. Nilipomweleza, alinyanyuka polepole. "Nipe wembe, mke mwenzangu. Kumbe Mhindi hafiwi?"

Alifika, akauliza kwa sauti, "Huyu mtani wake nani?"

Akachuchumaa nyuma ya Jivani.

"Basi ni mimi." Akamlowesha nywele, akaanza kumnyoa, maana kwao kama kwetu mtoto hunyolewa mzazi akifa. "Lo! Kichwa kimepinda kama kibuyu! Ndiyo maana ulikuwa unakificha." Jivani akacheka, kicheko kikageuka kilio, cha kwanza tangu asubuhi.

Bibi akawageukia wanaume, wembe ungali mkononi, na utani ukaishia hapo.

"Danieli, ulipokunywa maji ya mama huyu, uliuliza yamebarikiwa na nani? Juma, ulipotawadha hapa barazani, alikukatalia? Na wewe Masima, mwanangu wa kumzaa, mwaka jana mvua iligoma. Nani alichomwa?"

Baba akakohoa. "Mama, hakuna aliyesema alikuwa mtu mbaya..."

"Hamjaombwa kuamini. Mmeombwa bega."

Mwalimu Danieli alikuwa wa kwanza kuvua kofia. Wakambeba, wao watatu na Jivani wa nne. Sisi wanawake tulisimama upande huu wa korongo. Tulimwona Jivani akizunguka rundo la kuni walipomlaza maiti, mtungi wa mama yake begani, maji yakitiririka, kisha akauangusha ukavunjika. Ndivyo wafanyavyo. Moto ulipowaka, Danieli aliinamisha kichwa akiomba, Juma alifungua viganja, na baba akamwaga unga na maji ardhini kama tufanyavyo kwa wazee wetu. Kila mmoja alisema la kwao, wala sikuona aliyemkatiza mwenzake.

Mvua ilichelewa sana mwaka ule, na wapo waliosema ni moshi. Lakini ndugu za Jivani waliposhuka kesho yake, walikuta barazani mtungi mpya wa udongo wa kwetu, umejaa. Baba ndiye aliyeuleta, na hakutaka kuulizwa. Jivani alikuwa wa kwanza kuchota, akanywa.

Mwanangu, mimi si mtu wa vitabu. Dini yako ishike. Bibi hakumwambia Danieli aache yake. Ila usingoje mtu awe wa imani yako ndipo umsaidie kubeba msiba wake. Mhindi, Mwislamu, Mkristo na sisi tunaotambika makaburini, wote nimewaona wakiwafundisha watoto wao kumpa maji mwenye kiu na kumheshimu maiti. Ukifika kwa watu wa ibada ngeni na moshi wao ukakutia hofu, kwanza tazama mtungi wao uko wapi, na nani anaruhusiwa kunywa.

Haya, nenda salama. Mungu akupe bega lisilochoka, akupe na wa kukubeba siku yako itakapofika, na baraza lako lisikaukiwe maji.