Santuri Niliyoisafisha kwa Spiriti

Harufu ya spiriti bado naikimbia. Nikiinusa hospitalini narudi Greyville, mtaa wa Durban, kwenye chumba chetu juu ya saluni ya Tantine Beya, dada ya marehemu mama, nikiwa na miaka tisa na kitambaa cheusi mkononi.

Kabla ya vita Papa aliongoza kwaya ya kanisa letu kule Uvira. Tulipokimbilia Durban alilinda magari barabarani, na kila Jumapili baada ya ibada alipiga santuri nzito za zamani alizozipata Isipingo, kusini ya mji, pamoja na gramafoni yake. Zote zilikuwa za okestra moja iliyoongozwa na Mwingereza aliyekufa kitambo. Kila upande ulidumu dakika nne, kisha Papa akageuza. Muziki ulitoka umefunikwa na mkwaruzo usiokoma.

"Shemeji, Muzungu yako iko anakaanga samaki!" Tantine alipaza sauti kutoka ngazini.

Papa hakucheka. "Beya, hawa wote walishakufa. Lakini ukiwaita, wanakuja."

Nilitaka waje wakiwa safi. Siku moja Papa akiwa kazini, nilichukua spiriti ambayo Tantine alisafishia mashine za kunyolea, nikaisugua santuri aliyoipenda kuliko zote, ile ya muziki wa polepole. Kitambaa kikawa cheusi. Nikafurahi: uchafu wote huo! Nikaongeza spiriti. Sikujua kwamba santuri za aina ile huyeyuka kwa spiriti. Nilichokuwa nakifuta ni muziki wenyewe.

Jumapili sindano iliteleza, ikanguruma tu. Papa aliinua santuri, akainusa.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Papa. Nilitaka kutoa samaki."

Nilingoja kofi. Yeye alisimama katikati ya chumba, akafumba macho, akaanza kuimba bila kufungua mdomo. Mkono wake ulinyooka kuelekea kabati, kisha dirishani, kisha mlangoni, na kila ulikoelekea alitulia kidogo, kama anayengoja kuitikiwa. Alikwenda hivyo mpaka mwisho wa upande. Kisha akanipangusa machozi.

"Tumemaliza huu, mama. Lete ingine."

Kwa miaka mingi niliamini alinisamehe kwa sababu muziki wote alikuwa nao kichwani. Nilipokua, nikaingia kwaya, siku ya kwanza mwalimu akatupanga: soprano huku, alto kule, wanaume nyuma. Nikauona tena mkono wa Papa kule chumbani. Penye kabati walisimama wanawake wa sauti ya kwanza, dirishani wa sauti ya pili, mlangoni wazee wa besi. Papa hakuwa akiwaongoza Waingereza. Alikuwa akiwaita watu wa Uvira, ambao hakuna aliyewahi kuwarekodi.