Homa Niliyoiita ya Jana

Mwanangu, ipo siku moja ya miaka ya tisini ambayo hata leo nikiikumbuka uso unaniwaka moto. Nilikuwa bado msichana mbichi, mama wa mtoto mmoja na mimba ya pili, na nilijiona najua kila kitu. Tulikaa kwenye makazi ya wakimbizi nje ya Mpanda, tukilima mahindi na tumbaku. Binti yangu Spesioza alikuwa na miaka minne.

Spesi alishikwa na homa. Kwetu hilo halikuwa jambo geni, kila mtoto aliugua homa na kila homa iliitwa malaria. Nikampa klorokwini, akatulia wiki mbili, homa ikarudi. Nikampa tena, ikatulia, ikarudi. Akaanza kukonda. Wenzake wakicheza rede, yeye alikaa pembeni akasinzia mchana kweupe. Majirani walisema ni bandama, achanjwe chale tumboni. Hilo niliogopa, na namshukuru Mungu kwa woga ule.

Sasa nikueleze kosa langu. Zahanati tuliyokuwa tunakwenda ilikuwa na nesi mwenye mdomo. Ukimwambia mtoto anaumwa tangu wiki iliyopita, alikufokea benchi zima likasikia: "Mlikuwa wapi siku zote? Nyie mnakujaga mtoto akishakauka!" Kwa hiyo sisi akina mama tulikuwa na jibu moja. Homa imeanza lini? Jana. Ungetukuta pale ungedhani watoto wote wa makazi wameambizana kuugua siku moja. Mimi nikazidisha ujanja. Kila safari nilikwenda na daftari jipya la matibabu, ili asione yaliyoandikwa nyuma, na mwezi mwingine nilikwenda zahanati ya mbali wasikonijua. Mwanangu, nilimficha mtoto wangu kwa watu waliotaka kumtibu, ili tu nionekane mama mzuri.

Siku hiyo ninayokuambia Spesi alishindwa kutembea, nami kwa tumbo lile nisingeweza kumbeba. Akambeba mama mkwe wangu. Nilimwita Mabukwe, kama tunavyosema kwa Kirundi. Nesi hakuwepo, tukamkuta mganga wa zahanati mwenyewe, Mzee Kalinde, Mpimbwe mmoja, mwenyeji wa huko, mtaratibu sana. Akafungua daftari langu jipya.

"Homa imeanza lini?"

"Jana, daktari."

Mabukwe akaguna. "Jana gani hiyo, Mama Spesi? Daktari, homa ya kwanza tulikuwa tunamwagilia kitalu cha tumbaku. Ya pili, tunahamisha miche. Tukichuma majani ikaja mara mbili. Saa hizi tunafunga mitumba ya tumbaku kavu na mtoto bado anachemka!"

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Mzee Kalinde hakunifokea. Alihesabu kwa vidole, ikafika miezi minane. Akamlaza Spesi, akampapasa shingoni, makwapani na kwenye kinena. Tezi zilikuwa zimevimba kila mahali, na mimi niliyemwogesha kila siku nilizizoea. Bandama na ini navyo vilikuwa vimekua. Akachukua damu, akaiangalia kwenye darubini, hakuona malaria.

"Mama," akaniambia, "mimi nikiambiwa jana, natibu ya jana. Nakupa klorokwini, unaondoka. Miezi minane ni habari nyingine. Huyu mtoto hawezi kujisemea. Ukinificha wewe, nitamjua kwa nani?"

Nililia pale pale, nikamwambia yote, pamoja na habari ya yale madaftari.

Wakati ule mtu wa makazi hakutoka bila kibali. Mzee Kalinde akaenda mwenyewe ofisi ya makazi kutuombea, akaandika barua ya kurasa mbili yenye historia yote ya kitalu na miche, tukapanda treni hadi Tabora na kuendelea Mwanza. Huko walimpima kifua kikuu, wakampima saratani ya damu, hawakuona. Damu nyingine wakaipeleka Dar es Salaam. Majibu yalipokuja, daktari alitueleza kwamba ni kirusi kinachoitwa Epstein-Barr. Alisema kinapita kwenye mate, karibu kila mtoto hukipata, na wengi hata hawajui. Ila kwa mtoto mmoja mmoja mwili unashindwa kukituliza, kinaendelea kumsumbua miezi na miezi, na kinaweza kumuua. Dawa ya uhakika hakuwa nayo, na hakunidanganya. Alisema watamfuatilia damu na ini, nasi tumlinde asipigwe wala kuanguka, maana bandama kubwa hupasuka. Nikakumbuka zile chale walizotaka achanjwe tumboni.

Tulikwenda na kurudi miaka miwili. Homa zikaanza kuja kwa kuachana siku nyingi, zikapungua, mwisho zikakoma. Si kila mtoto anapata bahati hiyo. Spesi aliipata, na nashukuru hadi leo.

Mabukwe sikumshukuru siku ile. Nilimnunia njia nzima, na yeye kambeba mwanangu mgongoni. Nilikuja kumshukuru baada ya ile miaka miwili, tukipukuchua mahindi. Akanitazama kwa mshangao, "Unanishukuru nini tena?" Alikuwa amekwisha kusahau.

Basi nisikilize, mwanangu. Homa inayokwenda na kurudi hata baada ya dawa, usiizoee. Mguse mtoto shingoni na makwapani. Ukikuta tezi zisizoshuka, tumbo linajaa upande wa kushoto, mtoto anakonda na kuchoka bila sababu, mpeleke, na useme ilianza lini hasa. Huenda si kirusi hicho, huenda ni ugonjwa mwingine, hiyo ni kazi ya daktari. Kazi yako ni kusema ukweli wote na kutunza daftari moja, hata kama utafokewa. Kufokewa kunaisha kabla hujafika nyumbani.

Mungu akulindie watoto wako, awakuze mpaka wakuzike wao. Na akupe, mwanangu, mtu wa nyumbani anayekupenda kiasi cha kukuumbua mbele za watu.