Shati la Mwashi

Miaka kumi na mmoja Mama Kola alishona kola tu. Si mashati, kola. Jina hilo alipewa kiwandani siku ya tatu, akalizoea kiasi kwamba ukimwita kwa jina lake halisi hageuki. Kushoto kwake alikaa Bi Mifuko, mshonaji wa mifuko, na nyuma yao Mama Mikono, ambaye kazi yake sina haja ya kuieleza. Vipande vikijaa kwenye kreti vilisukumwa hadi jengo la pili, ng'ambo ya uzio, na huko ndiko vilikounganishwa vikawa mashati. Wao hawakuruhusiwa kuvuka. Mwekezaji alikuwa amemweka msimamizi mwenye saa shingoni na neno moja mdomoni: haraka.

Kabla ya mwekezaji kiwanda kilikuwa cha serikali, na Mama Kola alikuwepo pia, msichana wa kufagia nyuzi. Enzi hizo hakuna aliyekuwa na haraka, jamani. Mashati yalishonwa kwa saizi tatu na rangi moja, na idadi ilitoka makao makuu kwenye karatasi yenye mihuri. Wakiitimiza, walipigiwa makofi. Kama kuna mwenye mwili wa kuyavaa, hilo halikuwaumiza kichwa wakubwa. Ghala lilifurika saizi kubwa, na nje ya duka watu wembamba walipanga foleni kutwa wakitafuta ndogo. Lakini hakuna aliyefukuzwa kazi, na mwenye mtoto mgonjwa aliruhusiwa kwenda nyumbani. Ukimuuliza Mama Kola zipi zilikuwa nyakati bora, atakujibu, "Zote nilichoka."

Na kabla ya yote hayo palikuwa na mama yake, na cherehani ya mkono barazani. Mama alishona, watu wakaleta walichonacho: mkaa, debe la mahindi, siku moja hata mlango. Mlango mzima wa mbao, na bawaba zake, kwa magauni mawili! Mama alikuwa na desturi moja. Kabla hajagusa utepe wa kupimia, aliuliza, "Mvaaji anafanya kazi gani?" Binti yake alitunga uzi na kushikiza vifungo, basi, maana mama alitaka ashike vitabu, asishike mkasi. Vitabu vikamkataa. Mama naye akafariki mapema, ufundi wake ukaenda naye.

Sasa, mwekezaji alifunga kiwanda asubuhi moja akahamia nchi ambako mikono ya watu ilikuwa rahisi zaidi. Wanawake saba wa mstari ule wakakusanya cherehani katika chumba nyuma ya duka la rangi, wakaunda kikundi. Hakuna bosi, kila mtu kauli moja, na kitakachopatikana wanagawana sawa. Wiki ya kwanza yote iliishia kwenye ugomvi wa nani akae karibu na dirisha. Kisha wakapata kazi: mashati arobaini ya wafanyakazi wa kiwanda cha mikate. Yakipendeza, watashona kila mwaka. Yakikataliwa, kikundi kimekufa, maana hakuna kati yao aliyeweza kusubiri kazi nyingine.

Wakagawana kama walivyozoea, kila mtu na kipande chake. Na kuunganisha je?

"Kuunganisha ni kuunganisha tu," alisema Bi Mifuko. "Mkono una tundu, mwili una tundu. Kuna nini hapo?"

Msimamizi wa mikate, mtu mnene mpole, alilijaribu shati moja mbele yao. Akainua mikono kama anayefikia trei ya juu kabisa. Shati likapanda mpaka juu ya kitovu, makwapa yakachanika, na kola, kola safi isiyo na kasoro, ikamkaba koo.

"Kina mama," alisema kwa shida, "hili ni la kusimama tu?"

Akawapa siku sita.

Hapo hakuna aliyecheka. Mikononi mwao yalikuwa yamepita maelfu ya mashati, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushona shati. Mama Mikono alilia waziwazi. Walifumua shati la mtumba ili wajifunze, lakini mishono ya mashine ilikuwa imekula kingo zote, wakabaki na matambara. Isitoshe lilikuwa shati la mtu wa ofisini, mtu wa kuinua kalamu.

Ndipo Mama Kola alipokumbuka shati la baba yake. Baba alikuwa mwashi. Mchana kutwa mikono ilikuwa juu, tofali juu ya tofali, na shati lile halikuwahi kuchomoka kwenye mkanda. Mama ndiye aliyelishona. Sasa lilikuwa kwenye sanduku la mdogo wake wa kiume, dereva wa lori, na ndicho kitu pekee cha mama kilichobaki.

"Unalitakia nini?" mdogo wake aliuliza.

"Nilifumue."

Akaweka kikombe chini. "Dada, una wazimu?"

"Kuna nyumba saba zinaitegemea kazi hii."

"Na mimi nina shati moja. Moja! Wewe uliishi na mama miaka kumi na minne. Mimi minne. Sura yake siikumbuki, dada, nakumbuka shati."

Maneno hayo yalimchoma. "Nitalirudisha kama lilivyokuwa," alisema.

"Kwani unajua kushona shati?"

"Sijui."

Labda ni kwa sababu hakudanganya. Mdogo wake alilifunga kwenye gazeti akampa bila kumtazama.

Alilifumua mwenyewe siku mbili, tundu baada ya tundu la sindano, wenzake wakimzunguka. Chini ya kila kwapa alikuta kipande kidogo cha pembe nne kilichofichwa ndani ya mshono. Kumbe hicho ndicho kilichompa baba nafasi ya kuinua mikono. Na mkono wa kushoto ulikuwa mpana kuliko wa kulia. Akaupima tena, akadhani amekosea. Halafu akakumbuka: baba alikuwa mtu wa mashoto, mwiko aliushika kwa kushoto. Alikuwa amesahau kabisa. Aliona aibu, kisha huzuni ikamshika pale pale juu ya meza ya kukatia, mbele ya watu wote.

Waliufuatisha mkono wa kushoto kwa chaki, pamoja na kile kipande cha kwapa, wakavikata kwa pande zote mbili, mara arobaini, kwa kitambaa kilichobaki. Siku ya sita msimamizi wa mikate aliinua mikono, akaishusha, akaiinua tena, akaanza kushusha trei za kweli.

"Ehee," alisema. "Sasa hili ni la kazi."

Kikundi kikapona. Kesho yake wakarudi kwenye ugomvi wa dirisha.

Mama Kola hakugombana. Alikaa na vipande vya shati la baba, akaanza kuvirudisha: mabega, vile vipande vya kwapa, mikono, ule mpana mahali pake. Hakumpa mtu ashike hata kifungo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushona shati kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na shati lenyewe lilikuwa la mama yake.

Kola aliiacha iwe ya mwisho. Alipoilaza mezani akaona ncha ya kushoto imepinda. Imepinda vibaya! Ingekuwa kiwandani, msimamizi wa saa angemtupia usoni. Mama yake, fundi wa mtaa mzima, hakujua kushona kola. Vidole vya Mama Kola viliwasha. Kunyoosha ncha ile ilikuwa kazi ya dakika mbili, na alikuwa amefanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja.

Akaishona ilivyo, imepinda, akampelekea mdogo wake.