Nilivyomkalisha Mzungu kwa Nguvu Kule Amsterdam

Wacha niseme mwenyewe kabla Wambui hajaanza, maana yeye akisimulia huongeza chumvi mpaka chakula hakiliki. Ndiyo, ni mimi. Ni mimi niliyetolewa kwa jumba la picha za kuchorwa kule Amsterdam nikiwa nimeshikwa mkono huku na mkono huku, tai imezunguka imefika mgongoni, na nyuma yangu kiti kinabebwa na watu wanne polepole kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Chekeni. Mkimaliza mnipe nafasi niwaeleze vizuri, kwa sababu hata leo naona sehemu kubwa ya hayo maneno haikuwa makosa yangu.

Hiyo miaka ya sabini nilikuwa na studio pale Mashimoni, Kibera, chumba kimoja cha mabati, na nilikuwa mpiga picha mkali (sijisifu, ulizeni watu wa zamani). Siri ya kazi yangu ilikuwa pazia. Nilikuwa nimechorewa kitambaa kikubwa cha kufunika ukuta mzima, kina ndege inaruka mawinguni na ngazi yake imeshuka, na hakuna hata mteja mmoja aliyewahi kuniuliza ndege iliyo hewani inashusha ngazi ya nini. Unasimama mbele, unashika begi (begi ilikuwa yangu, ya wateja wote), nakupiga, na hapo tayari umeshaenda London, picha unatuma nyumbani, mama analia kwa furaha.

Shida yangu ilikuwa Mzee Njuguna, baba yake Wambui. Huyo alikuwa mwenye ploti kule Kawangware, nyumba za kupangisha amezipanga mstari, mtu wa kanisa, mtu wa maneno machache. Mimi na Wambui tulikuwa tumeshaelewana kuoana, imebaki mzee tu, nikavaa vizuri nikaenda kujieleza kiume, nikaongea mpaka jasho, na yeye akanisikiliza hadi mwisho bila kutikisa hata ukope. Halafu akauliza, "Wewe ndiye mwenye ile ndege?"

Kumbe kulikuwa na jamaa aliyemchumbia dada mkubwa wa Wambui, akaja na picha amesimama mbele ya ndege, akasema yeye Ulaya ni kwenda na kurudi, mzee wa watu akachinja mbuzi, akaita majirani, kisha ikajulikana jamaa anauza viazi Gikomba na ana bibi na watoto. Yule msichana alikaa ndani kwa aibu karibu mwaka mzima. Na picha ilitoka wapi? Kwangu.

"Kijana," Mzee Njuguna akaniambia, "sina ubaya na wewe kwa sababu umetoka ziwani kwa Wajaluo, na kuwa mpangaji si dhambi. Lakini kila kitu kinatoka kwa hiyo mkono yako ni uongo. Siku utaniletea picha moja ya kweli, moja tu, tutaongea."

Niliumia, nisiwafiche. Nilirudi Kibera kwa miguu nikiwa sina hata hamu ya kula.

Sasa Mungu si Athumani. Kulikuwa na Mholanzi mmoja, Bwana Henk, fundi wa mabomba ya maji, aliyekuwa akifanya kazi Kibera, na mimi ndiye nilikuwa nikimpigia picha za mitaro yake yote. Kazi yake ilipokwisha akaniambia twende kwao nikamsaidie kuonyesha zile picha kwa watu wake, tiketi ni juu yao, wiki mbili. Nikaenda kumuaga Mzee Njuguna, kifua mbele. Akanitazama, akasema, "Hata yule mwingine alienda Ulaya."

Hapo ndipo nilijua sitaki kitu kingine huko Uholanzi ila picha moja, ya kumfunga huyu mzee mdomo. Na si kitu rahisi mnavyofikiria! Nikijipiga kando ya ile mifereji yao, mzee ataniambia hiyo ni Nairobi Dam baada ya kukata majani. Nikijipiga na Bwana Henk, ataniambia wazungu ni wengi, wako Kilimani hapo. Ilinyesha siku nne mfululizo na mimi nazunguka na kamera nikikataa kila kitu, mpaka Bwana Henk akachoka, akasema kesho atanipeleka kwa jumba la makumbusho, lenye picha za wachoraji wao wakubwa wa zamani, watu wanatoka dunia nzima kuja kuziona. Nikasema hapo sasa.

Hilo jumba, jamani! Unaingia chumba unatoka chumba, kila ukuta ni picha, na watu wanatembea wakinong'ona kama wako matangani. Mimi kama mtu wa kazi nilikuwa nakagua. Kuna wanawake wamevaa kola kubwa mviringo kama sahani, kuna samaki na malimau mezani unaweza kuyamenya, nikasema hawa watu walijua mwanga, nawapa heshima yao. Lakini kupanga watu? Hapana! Tulifika kwa moja kubwa kuliko chumba changu cha Mashimoni, wanaume wengi wa kofia na mikuki, mmoja uso umefunikwa nusu na mkono wa mwenzake, mwingine ni macho tu yanaonekana huko nyuma. Nikamwambia Bwana Henk, "Huyu wa nyuma kwangu angedai pesa yake arudishiwe." Bwana Henk akacheka, akasema anashuka chini kununua kadi za posta, nimngoje hapo hapo. Akaenda hatua mbili, akageuka. "Odhiambo. Usiguse kitu."

(Niguse nini? Mimi ni mtoto?)

Nikatoa kamera kwa begi, nikasimamisha miguu yake mitatu, nikaipachika taa yake ya kumulika. Ile kamera ilikuwa na kidude cha kujipiga mwenyewe, unabonyeza inaanza kulia zzzz, unapata muda wa kukimbia na kupanga uso kabla haijapiga. Sasa ningesimama tu mbele ya ile picha, hadithi ingeishia hapo na leo mngekuwa mnanisikiliza kwa heshima. Lakini mimi nimefundishwa kazi na mtu wa Kisumu, na kwa shule yetu picha ya heshima ina kiti. Mtu akiketi ndiyo anaonekana ni mtu. Nikatazama huku na huku, na pale pembeni, nyuma ya kamba nyekundu, nikaona kiti kimechongwa miguu kwa nakshi, ngozi nyekundu, misumari ya shaba. Kamba hata mimi nilikuwa nayo studio, ya kuzuia watoto. Nikairuka, nikabeba kiti, nikakiweka mbele ya wale wanaume wa mikuki, nikabonyeza kidude, zzzz, nikakimbia nikaketi, mguu juu ya mguu.

Ndipo nikamwona askari. Mzee wa mvi, koti la buluu na vifungo, anakuja mbio kutoka mlango wa mbali, mikono juu, mdomo wazi. Sasa ninyi mnajua kwetu Kibera ukiinua kamera kunatokea nini. Watu wanaacha ugali, wanaacha maji yamwagike kwa mtungi, kila mtu anakimbia aingie kwenye picha! Nikajua tu, haki ya nani, huyu mzee anataka kuingia. Na nikafurahi, kwa sababu askari wa hapo hapo na sare yake ni ushahidi juu ya ushahidi. Lakini siwezi kuketi mimi na mtu wa mvi amesimama, si nitakuwa nimetukana wazazi wangu? Kamera inalia, muda unaisha. Nikaruka, nikamshika mabega, nikamwambia, "Karibu mzee! Keti! Keti!"

Akakataa. Anapiga kelele maneno yanayotoka kooni, anakaza magoti asikiguse kile kiti, na mimi nawaambia, mzee wa adabu ukimpa kiti lazima akatae kwanza, ndiyo desturi, na wewe lazima umsukume. Nikasukuma. Akakaza. Nikasukuma na bega. Akaketi pwaa, mguu wa kiti ukalia kwaa, na nikawahi kusimama nyuma yake wima, mkono begani kwake, tabasamu la studio, ndipo taa ikamulika.

Halafu kengele. Kengele ililia nyumba nzima, milango ikafungwa, masoja wakatoka kila upande, watoto wa shule waliokuwa pale wakapiga makofi wakidhani ni mchezo wa kuigiza. Bwana Henk akatokea na kadi zake mkononi, mwekundu kama nyanya, anasema kwa Kiswahili chake, "Odhiambo, nini? Odhiambo, kwa nini?" Nikajaribu kumweleza ni heshima tu, hakuna mtu wa kunisikiza, nikabebwa, na hiyo kwenda ofisini tulipita mbele ya foleni nzima ya watalii. Nikawapungia mkono. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Ofisini nikaambiwa kile kiti kina miaka mia tatu. Fundi wao akaja, akakichunguza, akasema mguu haukuvunjika, ni kipande cha mti cha kuushikilia ndicho kimechomoka, atakirudisha. Nikapumua. Ndipo mkubwa wao akanyoosha mkono akaomba filamu.

Hapo sasa ujasiri wote ulinitoka. Nilisimama nikamwambia Bwana Henk awaambie wachukue kamera, wachukue hata suti, lakini hiyo filamu ni mke wangu. Akawaeleza kwa lugha yao, ndege, mbuzi, Mzee Njuguna, kila kitu. (Na ni hapo, yeye akiwaeleza, nilifikiria kitu ambacho nilipaswa kukifikiria tangu asubuhi: ninatoroka pazia la kuchorwa, halafu najipiga mbele ya picha ya kuchorwa. Mjinga gani mimi!) Mwishowe yule askari wa mvi akasema neno fupi, wenzake wakaanza kucheka. Nikauliza amesema nini. Bwana Henk akaniambia, "Anasema wewe ubaki na picha yako. Anasema amekilinda hicho kiti tangu aanze kazi hajawahi kukikalia, na leo amekikalia, na hakina raha hata kidogo."

Nilisafisha ile picha mwenyewe Mashimoni. Ikatoka. Na ilikuwa ya aibu kuliko nilivyoogopa: mimi natabasamu kama bwana harusi, mzungu wa watu chini yangu amefura mishipa ya shingo, macho yametoka, mdomo umeachama mpaka meno ya nyuma. Wambui alipoiona alisema, "Usimpelekee. Choma." Lakini nilikuwa sina nyingine, nikaipeleka Kawangware.

Mzee Njuguna aliichukua akaipeleka dirishani. Akaweka kidole kwa wale wanaume wa mikuki, akasema, "Hii ni pazia." Akaweka kidole kwangu, akasema, "Hii ni pozi." Kidole kikashuka kwa yule askari, kikakaa hapo muda mrefu sana.

"Lakini huyu," akasema, "huyu amekasirika kweli. Hii hasira hakuna mtu anaweza kuchora. Ulimfanyia nini?"

Nikamweleza yote, kamba, kiti, keti mzee keti, kubebwa. Mtu ambaye sikuwahi kumwona akicheka alishika ukuta. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, machozi yanamtoka, akafungua mlango wa jikoni akamwita mkewe kwa sauti ya kusikika ploti zote:

"Mama Wambui! Njoo uone! Mkwe wetu ameshikwa na polisi Ulaya!"

Mkwe wetu, amesema. Niliketi bila kukaribishwa.

Mpaka leo hiyo picha iko ukutani kwake, na hakuna mgeni anayepewa chai kabla hajaonyeshwa na kuelezwa, na mimi nikiwa hapo lazima nisimame nionyeshe nilivyosukuma. Nimekubali, ndiyo mahari yenyewe hiyo. Lakini nimeapa mbele ya Mungu na mbele ya Wambui, sitaingia tena jumba la picha lolote duniani isipokuwa mikono iwe mfukoni, na mzungu akija mbio kwangu, hata awe na mvi mpaka kwenye nyusi, nitamwacha asimame.