Baba Mwenye Kitambaa Kichwani

Binamu yangu aliye ng'ambo alifungua mti wa ukoo kwenye mtandao, akanitumia faili la upande wetu nilikague kisha niliingize. Nilikubali upesi. Tulikuwa tumemzika kogo, nyanya yetu, juzijuzi, nami nilitaka awe na mahali pasipoota magugu.

Kogo hakujaliwa mtoto. Mumewe alipofariki, alifanya lile ambalo mila yetu Wakipsigis humruhusu mwanamke wa namna hiyo: alitoa ng'ombe, akamwoa mama yangu, ili nyumba yake isizimike. Sisi tuliozaliwa tukawa watoto wake. Nyumbani tulimwita kogo, lakini shuleni, penye jina la baba, tuliandika lake, na sikumbuki mwalimu yeyote pale Kiptere akishangaa.

Mtandao ulishangaa. Kila nilipobonyeza, maandishi mekundu yalinijibu kwamba baba hawezi kuwa mwanamke. Binamu akaniandikia niweke tu "hajulikani", mambo yaishe. Nilikasirika. Hajulikani vipi, na kaburi lake liko pale kando ya majani chai?

Nilimweleza mama alipotoka kuchuma.

"Sasa hiyo kitu inataka nini?" akauliza. "Mimi nilitolewa ng'ombe mbele ya watu. Andika mwanaume. Hata wazee siku hiyo walisema ni mwanaume."

Nikaandika, na kumbukumbu zote zikaingia. Nikaweka na picha yake, kitambaa kichwani, sisi sote tumepangwa chini yake. Mama aliitazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha akalia, nami nikalia.

Ila mti huo ni wa wote, na jamaa yeyote anaweza kusahihisha. Mmoja wao, sijui nani, aliona picha ya mwanamke imeandikwa mwanamume, akarekebisha kosa. Mtandao ukatukata papo hapo. Nikiandika upya, hurekebishwa tena. Sasa kogo yuko peke yake, na chini ya picha yake pameandikwa: watoto, hakuna. Alitoa ng'ombe wake wote ili asije akaambiwa hivyo.

Mama akirudi shambani huniuliza, "Kogo yenu bado ako huko?"

"Ako, mama."

"Na nyinyi?"

"Tuko wote," namjibu, huku nikiifunga kompyuta kabla hajaketi.