Akonaay na Vijiji Vilivyohama

Ndugu zangu, akili yangu inakataa. Juzi tumemzika Akonaay kwao Tlawi, na leo asubuhi nimejikuta nimeshika simu nimpigie.

Wengi humu kundini hamkumjua. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mtu wa operations research, ile elimu ya kutumia hesabu kupanga kazi: lori lianzie wapi, lipite wapi, lisirudi tupu.

Alinikuta ofisi ya mipango Mbulu, karani wa takwimu niliyehamishiwa huko kutoka Singida, nalia na baridi. Tulikuwa vijana, miaka ya Ujamaa.

Wilaya ilikuwa na lori moja la kusambaza mbegu na dawa, na barabara zetu mnazijua. Akonaay akasema ratiba ya lori lile inaweza kuwa makala ya kisayansi, ichapishwe kwenye jarida la ng'ambo.

Nilimcheka. "Wazungu wasome habari za lori la Mbulu?"

"Watasoma hesabu, dada Mwanaidi. Lori ni mfano tu."

Tukapima umbali wote kwa Land Rover, Tlawi mpaka Haydom, halafu kushuka Yaeda Chini kwenye mawe mpaka viuno vikauma. Vituo tuliviandika kama wenyeji walivyoviita: kwa Tluway, kwa Boay, kwa Mama Safari. Ungeviandikaje vingine? Kila mtu alijua kwa Tluway ni wapi.

Kompyuta ilikuwa Dar es Salaam, ya kulishwa kadi zilizotobolewa matundu. Alisafiri na boksi la kadi mapajani, kondakta akigombana naye alipandishe juu ya basi.

Mama aliyekaa naye akamwuliza kama amebeba vifaranga. Akasema ndiyo, maana kumweleza kungewafikisha Korogwe.

Makala ikaenda Ulaya kwa posta. Tulisubiri mpaka mimi nikasahau. Yeye kila akija likizo alipitia posta kwanza, nyumbani baadaye.

Jibu lilipofika lilikuwa zuri. Reviewers, wale wasomi wanaopima makala kabla haijachapishwa, waliisifu hesabu. Walitaka tu tupime tena umbali ule ule msimu mwingine, waone kama ratiba inashika.

Hapo katikati watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya. Tukafika kwa Tluway, juu ya kilima chake, tukakuta kuta zilizobomoka na mahindi ya msimu uliopita. Tukaelekezwa kando ya barabara kuu, kwenye nyumba zilizojipanga mstari, na huko nako kunaitwa kwa Tluway.

Mzee Tluway mwenyewe alikuwa nje anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo mzee," Akonaay akasema.

"Marahaba. Mnanitafuta mimi au mnatafuta kile kilima?"

"Kilima, mzee."

"Kilima kipo kule kule. Mimi ndiye nimeletwa hapa."

Akonaay akaenda kukaa kwenye bampa ya Land Rover. Kila jina kwenye jedwali letu lilikuwa limehama na mwenyewe, na umbali wote tuliopeleka Ulaya haukuwa tena umbali wa kwenda popote.

Aliwaandikia ukweli, vijiji vimehama. Wakajibu kwa adabu kwamba data isiyoweza kuthibitishwa haichapishwi.

Mimi nilikasirika, nikasema waje wapime wenyewe. Akonaay akasema wana haki. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Miaka ikaenda. Alifundisha, akastaafu, akarudi Tlawi kwenye ngano na maharage yake. Nikajua yamekwisha.

Mwaka jana akanipigia. Ameiandika upya yote, ameituma tena kwa jarida, na sasa swali lake ni jingine: utapangaje ratiba ya lori kama vijiji vyenyewe vinahama?

"Lile kosa letu, dada, ndilo nimeliandikia." Alikuwa anacheka kama kijana.

Akaweka na jina langu. Nikamwambia hesabu zile siambulii hata mstari mmoja. Akasema, "Kiuno kilikuuma au hakikukuuma?"

Alipolazwa Haydom nilikwenda kumwona. Hakuuliza habari za shamba wala za dawa. Alimwambia binti yake Paulina, "Angalia, bado imeandikwa under review?"

Paulina akaangalia kwenye simu. Bado wanaipima.

"Labda kesho," akasema, akafumba macho. Nilitamani nimdanganye kwamba imekubaliwa. Nilishindwa, maana angetaka kuiona kwa macho yake.

Amefariki ikiwa hivyo hivyo.

Sasa leo mchana Paulina amenitumia barua pepe ya jarida. Wameikubali, imebaki jambo moja dogo. Wanataka mwandishi aeleze kwa nini, kwenye hatua ya tatu ya hesabu yake, lori linasubiri Tlawi kabla ya kushuka Yaeda Chini.

Alinieleza jambo hilo, tena si mara moja. Nilikuwa naelewa akiwa anaeleza, akinyamaza limeondoka. Paulina ni muuguzi, naye hajui. Tumeisoma makala mwanzo mpaka mwisho tumekaa kitanda kimoja, tukaishia kulia.

Nimewaandikia kwamba mwandishi amefariki dunia. Mfumo wao ukanijibu wenyewe papo hapo: Mpendwa Dkt. Akonaay, tunasubiri marekebisho yako.

Nimelisoma hilo mpaka macho yanauma. Nimekaa tu hapa na simu, mtu mzima, sijui nimwandikie nani.

Kama humu yupo aliyefundishwa naye na anaielewa hatua hiyo, naomba aniandikie. Rambirambi zenu nimezipokea, asanteni, ila hizo hazitajibu.

Akonaay, wamekubali. Nakwambia hapa kwa sababu sina pengine pa kukwambia. Wanakuuliza wewe, kaka, na mimi siwezi kukujibia.

Pumzika. Ulale vizuri huko Tlawi.